Maji yamekuja, watu wamelala shuleni: mwongozo wa kuwalinda wanawake na wasichana kambini

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mwalimu mkuu ambaye madarasa yake yamegeuka mabweni, na wajitoleaji waliofika na turubai kabla ya mtu mwingine yeyote. Umeandikwa ukiitazama zaidi Rufiji na Kibiti, ambako Aprili 2024 maji yaliwatoa watu mashambani na majumbani. Lakini unafaa pia Katesh, chini ya Mlima Hanang, ambako tope lilishuka tarehe 3 Desemba 2023 na kuua makumi ya watu, na unafaa Garissa na Tana River ng'ambo ya mpaka. Mwishoni mwa Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri wengine zaidi ya 200,000. Hesabu za namna hiyo huhesabu waliozama na nyumba zilizobomoka. Mwanamke aliyekamatwa njiani akienda chooni usiku wa nne wa kambi hayumo.

Ukatili wa kambini una njia zake, na njia hizo zinajulikana: giza, choo kisicho na komeo, foleni ndefu, na mtu mmoja aliyeshika daftari la majina. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, Amnesty International iliripoti zaidi ya kesi 250 za ubakaji kambini katika siku 150 za mwanzo. Msumbiji, baada ya Kimbunga Idai cha Machi 2019, Human Rights Watch iliandika habari za wanawake walioshurutishwa kulala na viongozi wa maeneo yao ndipo wapewe chakula. Kule Haiti giza lilitumika sana; Msumbiji ilitumika orodha. Taa na orodha vyote viko mikononi mwa kamati ya kijiji, na havisubiri mfadhili. Semina na mabango vitakuja baadaye, na vije tu, ila komeo la choo linatakiwa leo kabla jua halijazama.

Kabla ya mvua: kutanisheni kamati mbili

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule tunaouita MTAKUWWA, nao una Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Mahali pengi kamati hizi mbili hazijawahi kukaa kwenye benchi moja. Ya maafa ina wanaume wenye mitumbwi, majembe na funguo za godauni. Ya ulinzi ina mama mmoja wa maendeleo ya jamii na faili. Ziiteni pamoja mwezi Septemba au Februari, kabla ya vuli na masika, na fanyeni mambo matatu.

Kwanza, chagueni wanawake wasiopungua watano watakaoingia moja kwa moja kwenye uongozi wa kambi: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu wa kike, mjane, binti aliyemaliza shule karibuni, na mwanamke mwenye ulemavu. Msiwachague kwa ajili ya kupika. Mambo ya kupika yatajipanga yenyewe.

Pili, nendeni shuleni au kwenye ofisi ya kata ambako watu watalala, na nendeni usiku. Mchana kila shule ni salama. Usiku, mkiwa na tochi moja, mtaona wenyewe umbali kutoka madarasani hadi chooni, kichaka kilichoachwa nyuma ya jengo, na nyumba ya mwalimu iliyobomoka ambako vijana huvutia bangi.

Tatu, andikeni namba ukutani kwa rangi, si kwenye karatasi: 112 ya polisi, 116 ya huduma kwa watoto ambayo kuipiga ni bure, 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na namba ya simu ya mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu. Kwa wenzetu wa Kenya, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia na 116 ni ya watoto. Halafu jiulizeni: barabara ikikatika, mtu atafikaje kwenye kituo hicho? Mwenye mtumbwi ni nani, na atalipwa na nani? Jibu la swali hilo lipatikane mapema, kwa sababu, kama itakavyoonekana mbele, kuna dawa ambazo hazimsubiri mtu.

Usiku wa kwanza: nani analala wapi

Watu wakifika wameloa, kila mtu huingia darasa la kwanza aliloliona. Hapo ndipo binti wa miaka 14 aliyepotezana na mama yake anapojikuta analala kati ya wanaume asiowajua. Mtu mmoja asimame mlangoni na kuwagawa watu, hata kama wanalalamika.

Familia zisitenganishwe. Baba, mama na watoto wao walale pamoja ikiwa wenyewe wanataka. Wanawake walio peke yao, wajane, na mama wenye watoto wasio na mwanamume wawe na madarasa yao, yaliyo katikati ya jengo na si mwisho wa korido. Wanaume na vijana wa kiume waliokuja peke yao wawe kwenye jengo jingine. Mtoto aliyekuja bila mzazi asikabidhiwe kwa "shangazi" aliyejitokeza ghafla: alale na mwanamke anayejulikana kijijini kwake, na jina la mwanamke huyo liandikwe. Kipimo cha kimataifa cha misaada ya maafa, kile cha Sphere, kinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kulala. Usiku wa kwanza hamtafika huko. Ila msongamano ukishazoeleka hauondoki, kwa hiyo kila darasa linapopungua watu, watandazeni waliobaki badala ya kuwajaza wapya.

Kamba na kanga vinatosha kutengeneza vyumba ndani ya darasa. Pigeni misumari juu ya madirisha, pitisheni kamba, tundikeni kanga au shuka, na mwanamke ana mahali pa kubadilisha nguo na kunyonyesha bila kutazamwa. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.

Ulinzi wa usiku uwe wa zamu na uwe wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke, watu ambao wakazi wenyewe wamewakubali. Mlinzi aliyepangwa peke yake, na usiku mzima, ni hatari mpya. Kule Haiti chama cha wanawake walionusurika ubakaji, KOFAVIV, kiligawa filimbi na tochi kambini, na kikapanga watu wa kusindikizana. Filimbi ni kitu cha bei ndogo na inasikika mbali kuliko sauti ya mtoto. Kubalianeni maana yake: filimbi ikilia, kila mtu mzima anatoka nje na taa. Isitumiwe kuita watu kwenye chakula.

Pombe ikatazwe ndani ya uzio, bila mjadala. Anayeuza auze mbali.

Choo na bafu

Nakaa hapa kwa muda kidogo, kwa sababu mabaya mengi ya kambini huanzia hapa, na marekebisho yake ni rahisi kupita yote.

Kipimo cha Sphere ni tundu moja la choo kwa watu 20, ingawa siku za mwanzo kabisa huvumiliwa tundu moja kwa watu 50, na choo kisiwe mbali zaidi ya mita 50 kutoka mtu anakolala. Matundu ya wanawake yawe matatu kwa kila moja la wanaume. Kamati nyingi hugawa nusu kwa nusu zikidhani zimetenda haki. Mwanamke hutumia muda mrefu zaidi chooni, anaingia na mtoto, ana siku zake, na hawezi kujisaidia nyuma ya mti kama mwanamume. Mkigawa nusu kwa nusu, foleni ya wanawake itaendelea hadi saa tatu za usiku, na foleni ya usiku ndiyo tunayoikimbia.

Sasa tazameni milango. Vyoo vya shule vilijengwa kwa ajili ya watoto wa mchana. Vingi havina milango, na vyenye milango vina komeo la nje tu, ili mbuzi wasiingie. Maana yake mtu yeyote anaweza kumfungia mwanamke ndani, na mwanamke hawezi kujifungia. Fundi akiwepo, aweke vitasa. Asipokuwepo, chukueni msumari wa inchi nne, upigeni kwenye fremu kwa ndani hadi nusu, muupinde kwa nyundo uwe kama ndoano, kisha fungeni kitanzi cha waya au kamba ya katani kwenye mlango, kwenye kimo cha kifua cha mtoto wa miaka kumi ili naye akifikie. Mlango ukivutwa kutoka nje, kitanzi kinakaza. Halafu ng'oeni komeo la nje. Hilo la kung'oa husahaulika kila mara.

Mahali pasipo na mlango kabisa, turubai linafaa, ila liwe zito na lifungwe chini kwa mbao au mawe, maana upepo wa masika hulipeperusha. Mlango utazame upande wenye watu, usielekee kichakani. Wanawake na wanaume wasipishane kwenye njia moja: vyoo viwe pande mbili tofauti za kiwanja, si mlango kwa mlango na maandishi ya chaki juu yake.

Bafu lisilo na paa ni tatizo la pekee. Kwenye shule yenye mwembe, mwembe huo una vijana juu yake. Kama hamna paa, wekeni bafu mbali na mti na ukuta wa kupandia, au tandikeni turubai juu hata la nusu. Wanawake wa bondeni wanaokosa bafu huenda kuoga mtoni gizani, na Rufiji mto wenyewe una mamba.

Taa moja ya sola njiani na moja mlangoni mwa choo. Hapa naomba angalizo: taa inayoangaza choo lakini ikaiacha njia gizani inamsaidia anayevizia, kwa kuwa yeye anamwona anayetoka na hajaonekana. Kama taa ni moja tu, iwekeni njiani.

Mwisho wa habari ya choo ni hedhi. Wekeni ndoo yenye mfuniko ndani ya kila choo cha wanawake, na mtu wa kuimwaga shimoni kila siku. Wanaotumia vitambaa wanahitaji mahali pa kuvifua na kuvianika pasipotazamwa. Binti asiye na pedi wala mahali pa kujisafisha husubiri usiku wa manane ndipo atoke, na hutoka peke yake kwa aibu. Kwa hiyo pedi, sabuni na chupi viingie kwenye mgawo wa kwanza kabisa pamoja na unga.

Daftari la majina

Anayeandika majina ndiye anayeamua nani ale. Mtu huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado asiachiwe peke yake.

Chukueni kaunta buku moja, na siku ya kwanza liandikwe na watu wawili, mmoja awe mwanamke. Safu ziwe hivi: jina la mwanamke, jina la mwanamume kama yupo, idadi ya watoto na umri wao, kijiji na kitongoji walikotoka, ulemavu au ujauzito, darasa wanalolala, na mahali pa sahihi au dole gumba. Andikeni jina la mwanamke kwanza, na kadi ya mgawo apewe yeye. Mkiandika kwa jina la baba, baba akiondoka na kadi kwenda kwenye pombe, au kwa mke mwingine, mama na watoto wamefutwa.

Na hapo kwenye mke mwingine tusipapite. Mitala ipo, na kambini huumiza watu kimyakimya. Mwanamume mwenye wake wawili huandikwa kama kaya moja ya watu tisa, anapewa mgawo mmoja, anaupeleka kwa mke anakolala. Mke mwingine hatakuja kulalamika kwa kamati ya wanaume. Atakwenda kuomba kwa mwenye chakula, na mwenye chakula ana masharti yake. Kila mke na watoto wake waandikwe kaya yao. Baba aandikwe kwa mke mmoja tu, achague mwenyewe ni yupi. Italeta maneno siku hiyo. Yavumilieni.

Mgawo ufanyike mchana, kuanzia saa tatu asubuhi, mbele ya watu. Bandikeni karatasi ya manila yenye kipimo cha kila mtu: unga kiasi gani, maharage kiasi gani, mafuta kiasi gani, na kopo la kupimia lionyeshwe hadharani. Mtu anayejua haki yake ni kopo nne hawezi kuambiwa kopo la nne lina bei. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu wawe na foleni yao. Hakuna mgawo wa nyuma ya godauni, hakuna "njoo jioni nitakuangalia", na hakuna msichana anayeitwa peke yake stoo kusaini. Stoo iwe na funguo mbili kwa watu wawili.

Chini ya karatasi ile andikeni kwa herufi kubwa, na yasomwe kwa sauti kabla ya kila mgawo kwa ajili ya wasiosoma:

"Msaada huu ni bure. Hakuna mtu anayeruhusiwa kukuomba pesa, kazi, wala mwili wako ili akupe. Akikuomba, awe kiongozi, askari, dereva au mtu wa shirika, amekosa. Mwambie Mama Fulani au Mama Fulani. Hutaondolewa kwenye orodha."

Yale majina mawili yawe ya wanawake wasiohusika kabisa na mgawo. Sanduku la maoni linapendwa na mashirika, ila kambini halifai sana: limewekwa mlangoni mwa ofisi, kila anayetumbukiza karatasi anaonekana, na wengi hawaandiki. Mama wawili wanaozunguka wakiuliza maneno ya kawaida, mtoto hajambo, mgongo vipi, wataambiwa mengi zaidi.

Kutaka ngono ili utoe huduma ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja waziwazi. Ndiyo sababu namba 113 ipo ukutani. Mashirika ya misaada nayo yana kanuni zao: mfanyakazi haruhusiwi kubadilishana msaada na ngono, wala kufanya ngono na mtu wa chini ya miaka 18, hata akisema hakujua umri. Shirika lolote likija kambini, kabla ya kushusha mizigo waulizeni: mtu wenu akikosea, tumpigie nani? Wasipokuwa na jibu, wapewe hadi kesho walilete.

Maji na kuni

Bomba au tangi lisiwe zaidi ya mita 500 kutoka kambini, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asisimame foleni zaidi ya dakika 30. Wapangieni muda wa kuchota, na uishe kabla ya magharibi. Kuni ziendewe kwa makundi, asubuhi, na wanaume wawemo. Mkiweza kupata mkaa au jiko la pamoja kwa wiki mbili za mwanzo, hata hiyo safari haipo.

Ikiwa limeshatokea

Fikirini mtu anakuja kwa yule mama aliyetajwa kwenye karatasi, saa kumi na mbili asubuhi, na hasemi kitu. Anazungukazunguka, anauliza chumvi. Mama mzoefu humwambia, "Karibu, mwanangu, kaa hapa kwangu," anamvuta pembeni pasipo masikio, na anangoja. Akisema, maneno ya kumjibu ni machache: "Pole. Nimekusikia. Kosa si lako. Unataka tufanye nini kwanza?" Asiulizwe alivaa nini, alikwenda huko kufanya nini, kwa nini hakupiga kelele. Asilazimishwe kusimulia kwa undani. Atasimulia kwa daktari, na kumrudisha mara tano ni kumwumiza mara tano.

Kinachofuata ni saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa. Humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, navyo vikiwahiwa ni bora zaidi. Kituo cha afya pia hutoa dawa za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini B, na hutibu majeraha. Kwa hiyo, hospitali kwanza. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi na inachukuliwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, lakini asikalishwe kituoni akisubiri karani wakati saa zinakimbia. Mtu mmoja amsindikize hospitali, mwingine afuatilie fomu. Kwenye hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo chini ya paa moja, na hapo ndipo pa kumpeleka ikiwa panafikika. Kenya fomu yake ni P3, pamoja na ile ya PRC inayojazwa na mhudumu wa afya.

Kama anaweza kuvumilia, asioge na asifue kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwenye gazeti; mfuko wa nailoni hutunza unyevu na ushahidi huoza. Kama ameshaoga, bado aende. Dawa hazijali kuoga.

Mtu mzima ana haki ya kuamua kama anataka polisi au hataki. Mpeni taarifa, msimpe amri. Kwa mtoto ni tofauti: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Hapo kunyamaza si busara, ni kosa.

Wazee watakuja na pendekezo la kuyamaliza. Litasemwa kwa upole, usiku, baada ya kula: familia zote mbili zimepoteza kila kitu, kijana ni wa hapa hapa, atoe mbuzi na kiasi kidogo, au amuoe. Jibu la mwenyekiti ni moja tu: ubakaji ni kosa la jinai, mashtaka ni ya Jamhuri, na adhabu yake hapa Tanzania ni kifungo kisichopungua miaka 30. Baba hana mamlaka ya kuisamehe kwa niaba ya binti, na mwenyekiti anayesimamia kikao cha namna hiyo anajiweka mwenyewe pabaya. Mtuhumiwa ahamishwe, si binti. Mara nyingi binti ndiye hupelekwa kwa shangazi wa mbali "apumzike", na aliyemdhuru anabaki karibu na choo.

Habari ya mtu isiingie kwenye daftari la kambi, wala kwenye kundi la WhatsApp la kamati, wala picha yake popote. Andikeni kwenye karatasi tofauti, bila jina, iwe na namba tu, na ikae kwa mtu mmoja aliyekubaliwa. Kambi ndogo hutambua mtu kwa kanga yake.

Wavulana pia hubakwa, na karibu hawasemi kamwe. Dawa zao ni zilezile, na saa zao ni zilezile.

Ndani ya hema lenyewe

Si kila hatari inatoka nje. Mwanamume aliyepoteza shamba la mpunga, akapanga foleni ya unga na kukaa siku nzima bila kazi, anaweza kumpiga mkewe, na majirani wa kanga mbili pembeni wakasema ni mambo ya mume na mke. Kamati itangaze mapema kuwa kambini hakuna mambo ya mume na mke yanayohusu ngumi. Wekeni darasa moja au hema moja la kuhamia usiku uleule, bila kuomba ruhusa ya mume, na kadi ya mgawo iko kwa mama tayari, kwa hiyo anahama nayo. Wanaume nao wapeni kazi za kufanya: kuchimba matundu, kutengeneza milango, kusafisha mitaro, zamu za usiku. Nasema hivyo si kwa kuwahurumia tu. Kambi ambayo wanaume wake wana kazi huwa na kelele chache usiku.

Wanaokuja kuchukua wasichana

Wiki ya pili au ya tatu, gari linafika. Mama nadhifu kutoka Dar anatafuta dada wa kazi, anaahidi mshahara na kusomesha. Mwingine anatafuta wasichana wa hotelini. Wengine ni wema kweli, ila kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wekeni kanuni: mtu wa chini ya miaka 18 haondoki kambini na mtu ambaye si mzazi au mlezi aliyeandikwa, bila afisa ustawi wa jamii kujua. Namba ya gari iandikwe, kitambulisho cha anayemchukua kiandikwe, na mtendaji asaini. Mwenye nia mbaya akiona kalamu huondoka mwenyewe.

Upande wa ndoa, maafa huzileta haraka. Mahari inakuwa mtaji wa kujenga upya, na mdomo mmoja unapungua. Wazazi wakumbushwe kwamba kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30, kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Lakini sheria peke yake haimlishi mtu. Kinachomshika binti ni darasa, hivyo anzeni masomo ndani ya wiki mbili hata chini ya mwembe, na mwalimu ahesabu wasichana kila asubuhi. Aliyekosekana siku mbili afuatwe.

Binti asiyesikia hatasikia filimbi. Mama asiyeona hawezi kujua nani ameingia. Kila mwenye ulemavu awe na jirani aliyetajwa kwa jina anayempitia jioni na asubuhi.

Siku ya kufunga kambi

Serikali ikisema watu warudi, usiwapakie wanawake walio peke yao kwenye lori la kwanza. Nyumba zao ndizo hazina milango, na majirani zao hawajafika. Warudi kitongoji kwa kitongoji, wakiwa na majirani wanaowajua, na misumari, mabati na turubai viwatangulie wajane na mama wenye watoto, si wafuate.

Kaunta buku akabidhiwe mtendaji mbele ya mashahidi. Zile karatasi zenye namba apewe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mkononi, na kila mwanamke ambaye kesi yake haijaisha aambiwe jina la afisa huyo na siku ya kumwona. Anayemeza PEP ahesabiwe vidonge vilivyobaki kabla ya kupanda lori, na apewe vya kumfikisha siku ya 28, maana zahanati ya kwao huenda bado imejaa tope.